Mlimau Uliokauka Ndani ya Maji

Wengine mko jikoni mkichochea moto, wengine mwafunga viatu kwenda kazini. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mti mmoja mdogo. Si mti wa hadithi. Ni mlimau, nao uko nje ya mlango wetu hapa Voi.

Mama yetu mzazi alikuwa na mlimau uani, na sisi watoto wake tulilelewa kwa chai ya limau kila tulipopatwa na mafua. Alipofariki, tulichukua mbegu za tunda moja tukazipanda katika kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Tulipanda mbegu tano, ukaota mche mmoja. Baadaye kiwanja kiligawanywa na mti wa mama ukakatwa ili nyumba ijengwe. Basi mche ule wa kopo ndio uliosalia. Mwaka 2022 tulipohamishwa kutoka Wundanyi kuja Voi, vitu vingine vilipakiwa katika lori, lakini mlimau ulisafiri juu ya magoti ya mwenzetu wa nyumbani.

Wundanyi iko juu milimani, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi nyingi ukungu hulala juu ya mashamba. Voi iko chini, mita 600 hivi, na jua lake mwalijua. Tena ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa. Misimu ya mvua ilikuwa imepita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya kutosha tangu mwisho wa mwaka 2020. Mifugo ilikufa, na maji tulinunua kwa mtungi wa lita 20. Twawaeleza haya ili mwelewe kwa nini kila mtu, alipoona jani kavu, alifikiri neno moja tu: kiu.

Tulipofika tuliona kopo limekuwa dogo, kwa maana mizizi ilikuwa ikichungulia chini. Tukaona ni vyema mti wa mama upate makao ya heshima. Tukapata pipa lililokatwa nusu. Tukatandaza kokoto chini, tukajaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyotoka zizini juma lile lile, nusu kwa nusu. Tukaongeza konzi mbili za mbolea ya chumvichumvi. Mche wenyewe tukauzamisha, shina likafunikwa kiasi cha upana wa kiganja kupita ilivyokuwa katika kopo, ili usimame imara. Tukauweka mahali penye jua tangu asubuhi hata jioni, tukaumwagia mtungi mzima, tukashukuru. Ndugu zetu, karibu kila tendo katika hayo lilikuwa kosa, na yote tuliyatenda kwa upendo.

Baada ya siku nane hivi majani ya chini yaligeuka manjano. Kisha ncha za majani zikawa za kahawia, kama zilizoguswa na moto. Kisha majani ya juu, upande wa jua, yakatoka madoa meupe yaliyokauka katikati. Mwisho majani yakajikunja, yakawa makavu, ukiyashika yavunjika kama karatasi, yakaanza kuanguka. Jirani alisema, “Una kiu.” Mzee wa kanisa alisema una kiu. Nasi tukamwaga maji asubuhi, tukamwaga na jioni. Siku nyingine tulipunguza maji ya kuoga ili mlimau upate. Kadiri tulivyomwaga ndivyo ulivyokauka.

Ndipo akaja mama mmoja wa kanisani ambaye huuza miche kando ya barabara kuu. Alikuja kwa habari ya ubatizo wa mjukuu. Alipopita penye pipa alisimama. Hakugusa jani hata moja. Alitia kidole katika udongo mpaka kifundo cha pili, akakitoa kimejaa tope, akakinusa.

“Pasta,” alisema, “mti huu hauna kiu. Huu unazama.”

“Mama, majani si makavu haya?”

“Ni makavu kwa sababu miguu imeoza. Mgonjwa asiyeweza kumeza, utamwekea uji mdomoni mpaka lini?”

Twapenda kukaa hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili huwapotosha wengi. Mizizi hunywa, lakini pia huvuta hewa. Katika udongo mzuri mna nafasi ndogo ndogo, nyingine zina maji na nyingine zina hewa. Ukimwaga maji kila siku, nafasi zote hujaa maji na hewa hutoka. Mizizi hukosa pumzi, hufa, na ukungu wa udongoni huja kuiozesha. Mzizi uliooza hauwezi kupandisha maji kwenda juu. Kwa hiyo jani hukauka kwa kukosa maji, na huku chombo kimejaa maji. Mti uliozama na mti wenye kiu huonyesha uso mmoja. Ukitazama majani peke yake utakosea, kama sisi tulivyokosea. Budi kuuliza udongo.

Na mti uliohamishwa ni mwepesi zaidi wa kupatwa na hayo. Kazi kubwa ya kunywa hufanywa na vinywele vyembamba mno vilivyo karibu na ncha za mizizi, navyo hukatika kwa kuhamishwa hata kama mkono ni mpole. Basi kwa siku kadhaa mti hunywa kidogo sana. Ukiuweka katika pipa kubwa, udongo ulio mbali na mizizi hauna wa kuunywa, hukaa na ubichi wake majuma mazima. Mama yule alisema chombo kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili au vitatu kila upande, basi. Na kokoto zetu za chini? Kila mtu huziweka, nasi tuliziweka. Hazisaidii, kwani maji husimama pale udongo mwembamba unapokutana na mawe. Kinachotoa maji ni matundu, na pipa letu, twaona haya kusema, lilikuwa na tundu moja, nalo limezibwa na udongo.

Akatufundisha kusoma majani, lakini baada ya udongo. Majani ya chini yakiwa manjano na udongo ni tope, ni maji mengi. Ncha na kingo zikiwa za kahawia kama zilizoungua, shuku chumvi: mbolea iliyozidi, samadi mbichi, au maji ya kisima yenye chumvi. Doa jeupe au la kahawia katikati ya jani, upande ule tu unaotazama jua, ni jua. Jani lililokua katika ukungu wa milimani halikuumbwa kwa jua la Voi. Lilihitaji kuzoezwa kidogo kidogo kivulini. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake imebaki ya kijani, mara nyingi mti haupati madini ya chuma, labda kwa udongo wenye chokaa au kwa mizizi iliyo dhaifu. Na kabla ya kuamua lolote, geuza jani utazame chini yake, usije ukaulaumu udongo kumbe ni utitiri. Sisi tulikuwa na dalili tatu pamoja: maji, mbolea na jua.

Tena alituonya juu ya kosa la upande wa pili, ambalo latokea pia. Wakati mwingine donge la mizizi lililotoka katika kopo limekauka na kuwa gumu, nawe umelizungushia udongo mpya laini. Maji hupita kandokando katika udongo mpya, na donge la ndani hubaki kavu. Juu waona ubichi, ndani mti wafa kwa kiu ya kweli. Basi kidole kitiwe karibu na shina pia, si pembeni tu. Donge la namna hiyo hutiwa katika beseni la maji kiasi cha nusu saa, likanywa polepole, kisha likachuruzishwa.

Letu halikuwa hilo. Tuliutoa mlimau tukaulaza juu ya gunia, na harufu ya kinamasi ikatoka. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, laini. Ukiivuta, ganda lateleza na kubaki uzi. Upande mmoja tu palikuwa na mizizi michache myeupe, migumu. Mama akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Akaendelea juu: kijani, kijani, kisha kwenye tawi la kushoto, kahawia kavu. “Hilo limekwisha kwenda,” alisema. “Haya mengine bado.”

Kwa kawaida, alisema, mti uliohamishwa usihamishwe tena upesi. Kila kuhamishwa ni jeraha. Lakini mizizi ikiwa inaoza hakuna budi. Akakata iliyooza kwa kisu kilichooshwa kwa maji moto. Akatafuta debe la kadiri, akalitoboa matundu sita kwa msumari. Akachanganya udongo wa juu, mchanga wa mto, na samadi kidogo ya zamani iliyokwisha kuwa kama udongo, isiyo na harufu. Shina akalirudisha kimo kile kile cha kopo. Akamwagia maji mara moja mpaka yakatoka chini, akauweka kivulini chini ya mwarobaini.

Tukamwuliza ni mbolea gani tuutie ili upate nguvu. Akacheka. “Pasta, hakuna.” Sisi, kwa desturi ya kazi yetu, tukamkumbusha yule mtunza shamba katika Luka sura ya 13, aliyeomba apewe mwaka mmoja zaidi ili aupalilie mtini na kuutia samadi. Naye akajibu upesi kwamba mtini ule ulikuwa umekaa mahali pake, bwana wake akiuendea miaka mitatu. Haukuwa umeng'olewa jana. Twakiri kwamba tumeihubiri sura ile mara nyingi bila kuliona jambo hilo.

Siku zile alikuwa amekuja kukaa nasi binti wa marehemu dada yetu, mwenye umri wa miaka 12. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi wa Julai. Watu wetu ni wema: kila jioni walikuja kumfariji, kumwimbia, kumshauri, kumpa mistari ya kukariri. Naye alizidi kunyamaza, na chakula alikisukuma pembeni mwa sahani. Tulipoona hivyo tuliwaomba watu waje zaidi. Usiku ule, baada ya habari ya pipa, mwenzetu wa nyumbani alizima taa akasema polepole, “Na huyu je?” Hatukuwa na jibu. Kesho yake tuliwaomba wageni wapumzike kwa muda, na kwa mtoto hatukusema neno. Tulimwachia nafasi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kwenda penye debe. Alikuwa amemwona mama wa miche akitia kidole, basi kila asubuhi akatia chake, akarudi akatuambia neno moja: “Bichi.” Siku ya pili, “Bichi.” Ilikuwa vigumu mno kwetu kutomwaga maji. Mlimau ulisimama na majani tisa, mengine yenye ncha kavu. Twawaambia pia kwamba jani lililokauka ncha halirudi kuwa kijani, msilingoje. Tazameni machipukizi. Siku ya sita alisema, “Kavu mpaka hapa,” akionyesha kifundo cha pili, tukamwaga.

Yalipita majuma saba. Majani mawili zaidi yalianguka, na tawi la kushoto tulilikata. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi alituita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu afike. Penye kikonyo cha jani lililoanguka palikuwa na kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mchele.

Mlimau ungali hapa, umekwisha hamia katika debe kubwa kidogo, safari hii wakati wa mvua na bila haraka. Haujazaa. Mlimau wa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa kuliko ule wa kuunganishwa, nasi hatuna neno. Tulipotoka leo kuja studio binti alikuwa amechuchumaa mlangoni na kidole chake udongoni. Alisema tungoje hadi Alhamisi.