Skrini Mbili, Matundu Tofauti: Tazama Kabla ya Kununua

Hotuba fupi ya afisa wa mawasiliano katika mafunzo ya wafanyakazi wa ofisi za wadi

Wasimamizi wa wadi, makarani na wenzangu wote, nitazungumzia jambo linaloonekana dogo lakini linatugharimu: kuunganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja.

Nianze na kosa langu. Wakati mmoja nilikuwa nikitafsiri makadirio ya bajeti ili wananchi wayasome kabla ya kikao cha kutoa maoni. Nilitaka Kiingereza kwenye skrini moja na Kiswahili kwenye nyingine. Kompyuta ilikuwa na tundu moja la VGA na moja la HDMI, lakini skrini zote mbili zilikuwa za zamani, za VGA pekee. Nikakimbia dukani, nikanunua waya wa bei nafuu, HDMI upande huu na VGA upande ule. Skrini ya pili ikabaki nyeusi.

Nikaendelea na skrini moja, nikipanda na kushuka kurasani, na pesa za zahanati ya wadi moja nikaziandika chini ya wadi jirani. Aliyegundua ni mzee mmoja, aliyepiga simu kuuliza zahanati yao imehamishwa na nani. Ilibidi tuchapishe upya.

Kilichoniangusha ni hiki: VGA, iliyoanza mwaka wa 1987, hutumia ishara za analogi, ilhali HDMI hutoa za kidijitali. Waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Panahitajika kigeuzi chenye saketi ndani yake.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, tuzingatie haya:

Kwanza, tambua matundu. VGA ina mashimo 15 katika safu tatu, na mara nyingi ni ya buluu. HDMI ni bapa, imepunguzwa pembe mbili za chini. DisplayPort imekatwa pembe moja tu. Piga picha nyuma ya kompyuta na nyuma ya skrini, uende nazo dukani.

Pili, taja mwelekeo: “kutoka HDMI ya kompyuta kwenda VGA ya skrini.” Kigeuzi hicho hakifanyi kazi kinyume.

Tatu, ikiwa skrini ina DVI, waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI hutosha kwa picha. Usitegemee sauti.

Nne, jihadhari na kigawanyi cha VGA. Hicho hurudia picha ileile kwenye skrini zote mbili.

Tano, kompyuta ikiwa imeongezwa kadi ya michoro, chomeka skrini zote kwenye kadi hiyo, kwani matundu mengine huenda yamezimwa. Na kwenye laptopu, si kila tundu la USB-C hutoa picha. Soma mwongozo wake.

Ukimaliza, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha uchague Extend.

Wenzangu, skrini ya zamani inayowaka vizuri si taka. Kabla ya kuandika ombi la kununuliwa mpya, inama utazame nyuma ya ile uliyo nayo. Huenda kinachokosekana ni kigeuzi kimoja kidogo, na pesa tutakazookoa ni za yule mzee aliyenipigia simu.