Kiwavi wa Mlimau

Kama una mlimau au mchungwa uani, chunguza majani machanga. Huenda ukaona yai dogo la manjano. Ni la kipepeo wa michungwa.

Kiwavi anayeanguliwa hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, kwa hiyo ndege wengi hawamgusi. Akikua hugeuka kijani. Mguse taratibu uone: nyuma ya kichwa huchomoza pembe laini yenye panda, yenye harufu kali. Hula majani, hujivua ngozi mara kadhaa, kisha hujifunga kwa uzi kijitini na kuwa pupa.

Wengi hudhani pupa amelala. La hasha! Ndani yake sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa, na vikundi vya seli alivyokuwa navyo tangu utotoni hujenga mabawa na macho mapya. Hilo hunistaajabisha kila mara.

Kule Gede, Kenya, wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Pupa husafirishwa hadi ng'ambo, kwani hahitaji chakula njiani.

Kwa hiyo ukiona viwavi hawa kwenye mti wako, usikimbilie dawa. Mti mkubwa ulioliwa majani huchipua tena; kwenye mche mchanga, ondoa viwavi kwa mkono, uwahamishie mti uliokomaa.