Usisaini ile karatasi ukiwa kitandani



Sote tunajua namna inapitaka. Kamyo inagonga motari, mguu unavunjika. Mwenye gari anafika hopitali na dolari 50 mkononi, pamoja na karatasi: "Nimelipwa yote, sina tena neno." Mgonjwa anasaini akiwa bado na maumivu. Kisha mwezi moja, daktari anasema mguu unaomba operasyo. Mukimupigia mwenye gari simu, anajibu tu: ulisaini.

Wengi wetu tunashukuru ile pesa kama zawadi. Ile ni deni.

Kodi Sivili yetu, kitabu cha tatu, ni amri ya tarehe 30 Julai 1888. Ndiyo, ya wakati wa Leopold, na ingali inafanya kazi! Kifungu 258 kinasema anayeumiza mwingine kwa kosa lake analazimika kurudisha hasara. Cha 259 kinaongeza uzembe: si lazima alikutakia mabaya. Kwa hiyo mbele ya tribinali utaonyesha kosa, hasara, na kwamba hasara ilitoka kwa lile kosa.

Lakini sisi tunapenda zaidi kifungu 260. Shofere atakuambia hana kitu, na mara nyingi ni kweli. Bosi aliyemutuma ndiye anajibu kwa makosa ya mutumishi wake akiwa kazini. Usimalize mambo na shofere peke yake. Andika namba ya plaki, na ya asiransi pia, maana sheria inalazimisha kila gari iwe nayo.

Omba PV ya polisi ya barabara na cheti cha daktari, chunga kila risiti. Na usihesabu dawa tu: hesabu siku ulizokosa kazi, moto iliyovunjika, maumivu, mguu usiorudi kama zamani. Kuumiza mtu bila kukusudia ni kosa pia katika Kodi Penali, kifungu 52 mpaka 54. Parke ikimupeleka shofere mahakamani, unaweza kuingia kama parti sivili na kudai malipo katika kesi ile ile.

Mutatuambia: na pesa ya avoka? Kila baro iko na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Mulango wake ugongwe.

Na kama pesa inaletwa leo, na mgonjwa ana njaa, apokee. Aandike tu kiasi, tarehe, na neno "sehemu ya malipo". Ile "nimelipwa yote" aifute kwa biki mbele yao, ndipo asaini.