Mafunzo Endelevu ya Wahudumu wa Dharura: Hoja Dhidi ya Kipimo cha Saa

Mafunzo endelevu ya wahudumu wa dharura ni elimu wanayopewa baada ya kuhitimu ili leseni zao zisife na, inavyotarajiwa, ujuzi wao usife pia. Wahudumu hao ni wa ngazi nyingi, kuanzia mwananchi aliyefundishwa kuzuia damu hadi mtaalamu anayechoma dawa na kuingiza mrija wa hewa gari likiwa mwendoni. Safari ya taaluma yenyewe, tangu ripoti ya Marekani ya 1966 kuhusu vifo vya ajali hadi azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la 2019 kuhusu huduma za dharura, inafahamika vya kutosha. Kisichoulizwa ni kwa nini umahiri wa watu hawa hupimwa kwa saa walizokaa darasani.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Rejista ya kitaifa ya wahudumu wa dharura, iliyoanzishwa 1970, humtaka mhudumu ahuishe cheti chake kila baada ya miaka 2. Ngazi ya chini hudaiwa saa 16, inayofuata 40, kisha 50, na ya juu kabisa 60. Watetezi wa utaratibu huu husema kuwa saa hukaguliwa kwa urahisi, hazina upendeleo, na humlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi nafasi ya kusoma. Yote ni kweli. Lakini hoja hizo zinamfaa mkaguzi, mwajiri na mwajiriwa; mgonjwa hayumo.

Mgonjwa anahusika na jambo jingine: stadi hufifia. Kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hutakiwa kukandamizwa kwa kina cha angalau sentimita 5 bila kuzidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kanuni hiyo mhitimu huikariri miaka mingi. Mikono yake husahau mapema zaidi, na tafiti za ufufuaji zimeonyesha mara kwa mara kwamba kushuka huanza ndani ya miezi 3 hadi 6. Cheti cha miaka 2, basi, huenda kinathibitisha stadi iliyokwisha kuondoka.

Hujibiwa kwamba kazi yenyewe ni mazoezi tosha. Jibu hilo lina uzito kwa matukio ya kila siku, kama majeraha ya pikipiki. Halina uzito kwa mtoto aliyeacha kupumua, tukio ambalo mhudumu anaweza kumaliza mwaka bila kukutana nalo, kisha likamkuta usiku bila wa kumuuliza. Tena mgawanyo wa saa hulifanya tatizo kuwa baya zaidi. Mtaalamu wa mjini, anayeona wagonjwa kila zamu, hupewa saa 60. Yule wa kujitolea kijijini, anayeitwa kwa nadra, hupewa 16. Ni kweli kwamba wa kwanza ana mengi zaidi ya kusahau. Lakini wa pili hana pa kujikumbushia.

Ushahidi unaostahili kusomwa polepole hautoki Marekani bali Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Hauhusu ambulensi, unahusu wodi ya uzazi. Hata hivyo dharura ya mtoto mchanga asiyelia haina tofauti kubwa na ya barabarani: hutokea ghafla, na mtu aliye karibu ndiye anayeamua. Mwezi Aprili 2010 wahudumu wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Walipopimwa tena kwa sanamu miezi 7 baadaye, walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Semina nyingi zingeishia hapo na kutangaza ushindi. Watafiti wa Haydom hawakuishia hapo. Waliwatazama wahudumu walelewale wakiwa na watoto halisi, wakakuta huduma haijaboreka. Matokeo hayo yalichapishwa 2013, na ni vigumu kupata kurasa chache zinazoitikisa dhana ya semina kiasi hicho.

Kuanzia 2011 utaratibu ukabadilishwa. Sanamu iliwekwa palepale wodini, watu wakafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki na ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwenye shaka atasema, na ana haki, kwamba ulinganisho ulikuwa wa kabla na baada tu, bila hospitali ya kulinganishia, na kwamba hali nyingine zingeweza kubadilika pia. Hata baada ya kukubali hayo, sanamu ya kituoni inabaki kuwa mwalimu bora kuliko ukumbi wa hoteli.

Darasa lina kazi yake. Utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliochapishwa 2010 kwa wagonjwa zaidi ya 20,000 wa nchi 40, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Uchambuzi wa 2011 ukaongeza kwamba ikitolewa baada ya saa 3 huenda ikadhuru. Vivyo hivyo mkanda wa kubana kiungo kinachovuja damu, uliokatazwa kwa raia kwa muda mrefu, ulirudishwa kutokana na vita vya Iraq na Afghanistan. Habari kama hizi lazima zimfikie mhudumu, na zinatosha kufikishwa kwa maneno machache. Kupata mshipa kwenye mkono wa mtu aliyeishiwa damu hakufundishwi kwa maneno.

Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuhudhuria semina ya wahudumu wa ambulensi ambamo sanamu ilibaki sandukuni hadi wakati wa picha ya pamoja, ilipotolewa ikalazwa mstari wa mbele. Posho zililipwa, vyeti vikatolewa vikiwa na saa kamili.

Chanzo kingine cha elimu hupotea mlangoni mwa hospitali. Mgonjwa hukabidhiwa, gari huoshwa, na wahudumu hawaambiwi kilichompata. Hivyo aliyebana damu vizuri na aliyebana vibaya huondoka na imani ileile juu ya kazi yao. Daktari wa zamu akirudisha taarifa fupi kituoni, tukio la jana huwa somo la leo, na baraza la leseni linaweza kulihesabu: mazoezi yaliyopimwa kwa sanamu kila robo mwaka, pamoja na matukio kadhaa ya mhudumu mwenyewe yaliyojadiliwa na mwenzake mwenye uzoefu. Sanamu moja inaweza kuzungushwa kati ya vituo. Gharama iliyo nzito zaidi ni ya muda wa msimamizi, na hiyo ndiyo ya kuingizwa kwenye bajeti kwanza.