Tuhesabu Makala, Lakini Tuzisome Pia

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Nimeombwa niseme machache kuhusu swali linalorudi kila tunapopokea maombi ya fedha za utafiti wa afya: tutamjuaje mtafiti bora? Wengi wetu tukishika maelezo yake, macho hukimbilia ukurasa wa mwisho. Tunahesabu makala alizochapisha na mara ambazo wenzake wamezirejea. Mwenye nyingi tunampa. Mwenye chache tunamwambia asubiri.

Kipimo hiki si kibaya. Mtafiti anapoitaja makala ya mwenzake, mara nyingi anakiri kwamba amejenga juu ya kazi yake. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Marekani alipendekeza kipimo kiitwacho h: mwenye makala 20 ambazo kila moja imerejewa angalau mara 20, h yake ni 20. Ni rahisi kukokotoa, ndiyo maana kimeenea. Lakini kina mipaka yake, nami nitaieleza kwa kisa cha hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1957 Dk. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland na Mkristo mcha Mungu, aliitwa na mwenzake katika Hospitali ya Mulago, Kampala, amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye alimkuta Jinja mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Akapekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wachache sana waliijali. Kama kamati yetu ingempima mwaka uliofuata kwa marejeo, tungemnyima.

Hakukata tamaa. Alituma fomu za maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, za serikali na za misheni. Mwishoni mwa 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wiki kumi, kilometa zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walibaini kwamba ugonjwa ule hufuata maeneo ya joto na mvua. Mwaka huo huo, alipozungumza London, miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona katika uvimbe huo, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Leo ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt, makala ile inarejewa duniani kote, na mtoto anayewahishwa kupata dawa ana tumaini kubwa la kupona.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Imerejewa mara nyingi mno, na wengi wameirejea ili kuikosoa. Jarida liliifuta mwaka 2010. Hesabu ya marejeo haijui sifa wala lawama.

Ndugu zangu, nakiri kosa langu. Niliwahi kupiga kura ya kumnyima muuguzi wa zahanati fedha kidogo alizoomba ili afuatilie kwa nini akina mama wa kijiji kimoja walichelewa kufika kujifungua. Hakuwa na makala hata moja. Ombi lake sikulisoma hadi mwisho. Swali lake lilikuwa zuri, na mpaka leo halijajibiwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, tusome walau makala moja ya mwombaji, au tumtafute mtu wa kutusomea. Pili, tuulize: nani atatibiwa vizuri zaidi kwa sababu ya kazi hii? Tatu, tutenge sehemu ya mfuko kwa wanaoanza, wale ambao hawajarejewa na mtu.

Wafadhili wetu, mkituuliza ni makala ngapi, tutawajibu. Mtuulize pia ni wagonjwa wangapi.