Macho ya Mtoto na Uzito wa Kusoma

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya watoto waendao shule miaka mitatu au minne na bado wasiweze kusoma ukurasa mmoja. Katika nyumba nyingi hukumu huwa fupi: "Huyu hana akili ya kitabu, na arudi malishoni." Yafaa tuichunguze hukumu hiyo, kwa maana mtoto akiisha kutolewa shule ni nadra kurudi.

Sababu ya kwanza ya kutazamwa ni macho. Mtoto asiyeona mbali hajui kuwa haoni. Hudhani watu wote huuona ubao kama ulio katika ukungu. Hukunja uso, husogea mbele, hunakili visivyo, na jioni huumwa na kichwa. Mtoto huyo hastahili kiboko. Apelekwe kwa daktari wa macho, na huenda miwani tu ikamtosha.

Sababu ya pili ni disleksia. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na hodari wa hesabu, lakini kusoma kulimshinda. Hali hiyo aliiita upofu wa maneno, na kwa miaka mingi watu walidhani kosa ni la macho. Leo twajua kwamba shida hasa imo katika jinsi ubongo unavyounganisha herufi na sauti za maneno. Watoto zaidi ya 5,000 walichunguzwa katika sehemu za Bristol, na habari zake zikatolewa mwaka 2015: wengi sana wa wale wenye shida kubwa ya kusoma walikutwa macho yao mazima. Nao madaktari wa watoto wa Marekani walitangaza mwaka 2009 kwamba hapana ushahidi wa kuonyesha kuwa miwani ya rangi au mazoezi ya macho huponya disleksia. Basi mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya mambo hayo.

Sisi wa huku tuna jambo la tatu. Mtoto wetu husema Kisomali nyumbani, husoma Kiarabu duksini kuanzia kulia, kisha shuleni husoma Kiswahili na Kiingereza kuanzia kushoto. Kuchelewa kwake huenda ni ugeni wa lugha tu. Kwa hiyo mwalimu wa duksi na mwalimu wa shule hawana budi kushauriana. Mtoto aweza kuhifadhi sura nzima kwa kusikia, na bado akashindwa kuzitambua herufi zake. Akikwama katika maandishi yote mawili, na macho ni mazima, hapo ndipo tushuku disleksia. Dawa yake ni mafundisho: sauti moja moja, silabi kwa silabi, kila siku, bila haraka. Kiswahili kitamsaidia, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa.

Kwa hayo naomba Mkutano ukubali mambo matatu:

1. Kila mtoto mzito wa kusoma apimwe kwanza macho na masikio hospitalini.

2. Akionekana mzima, apelekwe kwenye vituo vya kupima watoto kielimu, vilivyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1984.

3. Asitolewe shule mtoto yeyote kabla hayo mawili hayajatimizwa.

Sisemi kwamba malisho ni aibu. Mchungaji hodari ana elimu yake. Bali mtoto aende malishoni kwa kuchaguliwa, asiende kwa kufukuzwa na kiboko. Wazee wetu, ninyi hammchinji ngamia achechemeaye kabla ya kumwinua mguu na kutazama kama ana mwiba. Mtoto naye atazamwe vivyo hivyo.