Waziri Aliyekataa Kulipa

(Hotuba iliyosomwa bwaloni siku ya makutano ya wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wangu, wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti havikutosha:

Niliombwa nieleze maisha ya kiongozi mmoja wa Afrika. Nadhani Kamati ilitazamia nitachagua mwanamume, maana hii ni shule ya wavulana, na picha zilizotundikwa humu zote ni za wanaume. Mimi nimemchagua Bibi Ngozi Okonjo-Iweala wa Nijeria. Nafanya kazi ya fedha Serikalini, na ninayo sababu ya kumchagua yeye. Nitaisema.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1954 katika mji wa Ogwashi-Ukwu. Wazazi wake walikwenda Ulaya kusoma, akabaki kwa nyanya yake kijijini mpaka alipofika miaka 9 hivi, akichota maji na kuokota kuni kama watoto wengine. Kisha ikaja vita ya Biafra, 1967 hadi 1970. Alikuwa na miaka 15 mdogo wake wa miaka mitatu aliposhikwa na malaria kali. Baba alikuwa jeshini, mama naye mgonjwa. Ngozi akamfunga mtoto mgongoni, akatembea kilomita nyingi juani mpaka kanisani alikosikia kuna daktari. Mlangoni alikuta umati. Akapenya katikati ya miguu ya watu, akaingia kwa dirishani. Mtoto akapigwa sindano, akapona.

Baadaye alisoma uchumi Harvard na MIT, Marekani, akafanya kazi Benki ya Dunia miaka mingi. Ya vyeti nayapita haraka.

Julai 2003 Rais Obasanjo alimpa Wizara ya Fedha. Nchi ile, pamoja na mafuta yake yote, ilikuwa na deni la dola bilioni 30 hivi kwa nchi wakopeshaji wa Klabu ya Paris. Bajeti ikaanza kupangwa kwa bei ya mafuta iliyo chini ya bei ya soko, na ziada ikawekwa akiba. Magavana wa majimbo hawakupendezwa. Lakini ni akiba hiyo iliyompa nguvu ya kukaa mezani na wakopeshaji. Mwaka 2005 walikubali kufuta dola bilioni 18, Nijeria ikalipa bilioni 12 zilizobaki. Wapo waliosema kwamba bilioni 12 zingejenga hospitali nyingi. Sina ugomvi nao, ingawa mimi ningelipa.

Lililonigusa zaidi, mimi mtu wa vitabu vya hesabu, ni jambo linaloonekana dogo. Tangu mwaka 2004 Wizara yake ilitangaza magazetini kila mwezi fedha iliyopelekwa katika kila jimbo kati ya majimbo 36, na katika kila halmashauri kati ya 774. Mwananchi alikata kipande cha gazeti akaenda nacho kuuliza barabara iko wapi. Wenzangu wa maofisini mnajua kwamba kipande hicho kinatisha kuliko mkaguzi. Watu wakambandika jina, Okonjo-Wahala. Wahala kwao ni matata. Juni 2006 alihamishiwa Mambo ya Nje, na Agosti akajiuzulu.

Alirudi Fedha mwaka 2011, chini ya Rais Goodluck Jonathan. Waagizaji wa mafuta walikuwa wakiidai Serikali ruzuku, na ukaguzi ulionyesha kwamba madai mengine ni ya uongo. Akakataa kulipa yasiyothibitishwa. Desemba 2012 mama yake mzazi, profesa aliyepita miaka 80, alitekwa nyumbani kwake. Watekaji walitaka Waziri atangaze katika televisheni kwamba amejiuzulu. Hakujiuzulu. Mama alirudi hai baada ya siku tano, lakini katika siku zile tano hakuna aliyeweza kumwahidi binti yake kwamba atarudi. Akaendelea na kazi mpaka 2015. Tangu Machi 2021 anaongoza Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kulishika.

Sasa sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nisichokitaja, niliwekewa mezani vocha ya mabati. Hati ya mapokezi ilikwisha kutiwa sahihi, lakini mabati yenyewe sikuyaona. Nikauliza. Jioni nikapigiwa simu na mkubwa mmoja. Hakunitisha hata kidogo. Alizungumza kwa upole, akauliza watoto wangu wanaendeleaje na masomo, akataja vocha mwishoni kana kwamba ameikumbuka tu. Asubuhi nikatia sahihi. Mabati yalikuwa ya zahanati, na mpaka nahamishwa pale yalikuwa hayajafika. Mama yangu hakutekwa na mtu. Alikuwa nyumbani anachambua mchele.

Habari hii nimemweleza mke wangu peke yake mpaka leo. Niliona nikiisema popote, niisemee hapa, ambapo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hatoi maksi kwa jibu lisiloonyesha njia.

Leo asubuhi kijana wa Kidato cha Pili aliyekuwa akinitembeza bustanini aliniuliza kama kazi ya Serikali ni nzuri. Nilimwambia angoje hotuba. Namwona pale karibu na dirisha. Ndugu Mwenyekiti, ukiruhusu, naomba aulize tena.